Sarafu ya Aleksanda yenye maandishi ya Kilatini, na fungu la fedha lisilo na stakabadhi

BARUA YA MSOMAJI

Mzee wetu wa safu ya sarafu, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na sasa ninafanya kazi ya uuguzi mjini Hamburg, Ujerumani. Ninakusanya sarafu za kale za fedha. Mapenzi hayo yalinijia nilipokuwa nikisoma Matendo ya Mitume, nikataka kujua watu wa Thesalonike, Efeso na Antiokia walikuwa wakilipana kwa fedha ipi, maana miji hiyo ilikuwa ya Kigiriki kwa lugha na desturi, ilhali amri ilikuwa ya Roma. Tangu hapo nimenunua dinari chache za Jamhuri ya Roma, pamoja na drakma ndogo, yaani sarafu za fedha za Kigiriki, za mji wa Dyrrhachium katika Albania ya leo, zile zenye ng'ombe anayemnyonyesha ndama wake.

Mambo matatu yananitatiza. La kwanza ni sarafu kubwa ya fedha niliyoiona katika orodha ya mnada. Upande mmoja ina kichwa cha kijana mwenye nywele zinazopepea na pembe ya kondoo dume sikioni, na chini yake pana maandishi ya Kigiriki; upande wa pili pameandikwa AESILLAS kwa Kilatini, na herufi Q. Rafiki yangu, ambaye ni mkusanyaji wa siku nyingi kuliko mimi, anasema niachane nayo kwa sababu hakuna dola ambayo ingechanganya lugha mbili katika sarafu moja, na kwamba aliyeighushi hakujua alichokuwa akikifanya.

La pili ni muuzaji mmoja katika soko la vitu vya kale, ambaye amenionyesha fungu la sarafu za fedha zikiwa bado na udongo. Anasema zimetoka katika shamba la jamaa yake huko Balkani, anataka nilichukue fungu zima, nilipe taslimu, na hatoi stakabadhi. Bei anayoitaka ni sehemu ndogo tu ya ile ya mnadani, nami nakiri kwamba moyo umeshawishika.

La tatu linatoka kwa mume wangu. Yeye hapingi mapenzi yangu haya, na tumekubaliana kiasi ambacho ninaweza kutumia kila mwaka, lakini aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: mkusanyo huu, unaochota huku kwa Wagiriki na kule kwa Warumi, mipaka yake ni ipi?

Naomba ushauri wako.

Msomaji wako, Hamburg

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako kwa furaha kubwa, na nitaanza na sarafu ya Aesillas, kwa sababu ukiielewa hiyo utakuwa umepata nusu ya jibu la mume wako.

Rafiki yako amekosea. Aina hiyo ya sarafu ni halisi, inajulikana vizuri, na ni miongoni mwa ushahidi bora tulionao wa namna Roma ilivyoingia katika nchi za Kigiriki. Mwaka 168 KK jeshi la Roma lilimshinda Perseus, mfalme wa mwisho wa Makedonia, katika vita vya Pydna. Warumi hawakuifanya Makedonia kuwa jimbo lao mara moja. Waliigawa katika sehemu nne zilizojitawala kwa masharti, na kwa miaka kadhaa wakazuia uchimbaji wa dhahabu na fedha, hadi walipouruhusu tena mwaka 158 KK. Baadaye sehemu ya kwanza ikatoa tetradrakma zake, yaani sarafu za drakma nne, zikiwa na kichwa cha Artemi katikati ya ngao ya Kimakedonia na rungu la Herakle upande wa nyuma. Baada ya uasi wa Andriskos, mtu aliyejitangaza kuwa mwana wa Perseus na ambaye alishindwa mwaka 148 KK, Roma ilianza kuitawala nchi hiyo kupitia liwali wake.

Hapo ndipo anapoingia Aesillas wako. Herufi Q inasimama kwa cheo cha kwestori, ambaye alikuwa mweka hazina wa liwali. Mwanzoni mwa karne ya kwanza KK, wakati Roma ilipokuwa ikihitaji fedha kwa ajili ya majeshi yake katika nchi hizo na hasa kwa vita dhidi ya Mithridates, mfalme wa Ponto, sarafu hizi zilipigwa chapa kwa wingi. Upande wa mbele ni Aleksanda Mkuu, na pembe ile ni ya mungu Amoni wa Misri, ambaye Aleksanda alidai kuwa ni baba yake. Maandishi ya Kigiriki yanamaanisha "ya Wamakedonia". Geuza upande wa pili utakuta rungu limesimama katikati, sanduku la hazina upande mmoja, kiti cha kwestori upande mwingine, na shada la majani likizunguka vyote. Askari wa kukodiwa kutoka Thrakia, au mkulima aliyekuwa akiuza nafaka yake kwa jeshi, alimfahamu Aleksanda na kuiamini fedha yenye sura yake, ilhali kiti na sanduku la Kirumi havikumwambia mengi. Kwa hiyo mchanganyiko wa lugha unaomtia rafiki yako mashaka ndio unaoipa sarafu hiyo thamani yake kwa mtu anayekusanya kama wewe: Roma ndiyo iliyokuwa ikilipa, lakini ilikuwa ikilipa kwa uso wa mfalme ambaye watu walikuwa wakimkumbuka.

Hata hivyo, kuthibitika kwa aina si kuthibitika kwa kipande. Kabla hujaweka dau, uliza uzito. Tetradrakma za Aesillas kwa kawaida huwa kati ya gramu 16 na 17, na pungufu kubwa ni sababu ya kuuliza maswali. Omba picha ya ukingo. Sarafu ya kale ilipigwa kwa nyundo kati ya chapa mbili, na mara nyingi ukingo wake una nyufa ndogo mahali fedha ilipotanuka. Sarafu ya kughushi iliyomiminwa katika kalibu huweza kuonyesha mstari unaouzunguka ukingo, vitundu vidogo vya hewa, na nakshi zilizolegea kama sabuni iliyotumika. Zipo pia bandia za kisasa zilizopigwa kwa chapa za chuma, na hizo ni hatari zaidi kwa sababu hazina mstari wala vitundu. Dawa yake ni kulinganisha picha ya sarafu yako na picha za nyingine nyingi za aina hiyo hiyo, kwa kuwa mghushi hutumia chapa ileile tena na tena, na vipande viwili vinavyofanana hadi katika mikwaruzo na umbo la ukingo haviwezi kuwa vya kweli vyote viwili. Kama nyumba ya mnada inatoa dhamana ya uhalisi isiyo na kikomo cha muda, na orodha inataja mmiliki au mnada wa awali, usiogope.

Sasa swali la mume wako, ambalo ninalipenda kuliko yote matatu. Ningependekeza mipaka ya mkusanyo wako iwe hii: sarafu za fedha zilizotolewa kwa amri au kwa ridhaa ya Roma, lakini kwa sura, uzito au lugha ya Wagiriki, na kando yake, zile chache za Roma yenyewe zinazoonyesha jinsi ilivyojifunza kutoka kwao. Ukishika mpaka huo, drakma zako za Dyrrhachium hazitakuwa za kubahatisha tena, maana mji huo uliingia chini ya ulinzi wa Roma mwaka 229 KK na bado uliendelea kutoa drakma zake zenye ng'ombe na ndama hadi karne ya kwanza KK.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka Antiokia, mji uliokufikisha katika mapenzi haya. Mfalme Philippos Philadelphos wa nasaba ya Seleukos, wafalme wa Kigiriki walioitawala Siria, alifariki karibu na mwaka 75 KK. Jemadari wa Kirumi Pompeius aliigeuza Siria kuwa jimbo la Roma mwaka 64 KK. Lakini liwali Aulus Gabinius, aliyetawala huko kuanzia mwaka 57 hadi 55 KK, alipohitaji fedha, alirudisha tetradrakma za mfalme huyo aliyekwisha kufa: kichwa chake chenye utepe wa kifalme, Zeu ameketi upande wa nyuma, na jina la mfalme likiwa na sifa zake zote. Tofauti pekee ni fumbo dogo la herufi zilizosukwa pamoja, linalobeba jina la liwali. Crassus na Cassius, waliotawala Siria baada yake, wakafuata mtindo huo, kisha zikaongezwa herufi za Kigiriki zinazohesabu miaka tangu zama za Julius Kaisari, na sura ya Philippos ikaendelea kutoka katika kiwanda cha Antiokia hadi enzi ya Augusto, kaisari wa kwanza wa Roma. Ni karibu na mwaka 5 KK ndipo kichwa cha Augusto mwenyewe kilipochukua nafasi yake katika tetradrakma za mji huo.

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Babu zetu wa Mombasa, Lamu na Unguja walifanya biashara kwa riale za fedha za Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, na riale hizo ziliendelea kupigwa chapa zikiwa na mwaka huo huo wa 1780 kwa vizazi vingi, kwa sababu wafanyabiashara kutoka Uhabeshi hadi Uarabuni na Afrika Mashariki waliizoea sura yake na walikataa nyingine. Liwali wa Antiokia alikuwa na wateja wa namna hiyo hiyo.

Unapotafuta kipande cha Philippos, kuwa makini na maelezo ya muuzaji. Wauzaji wengi huandika jina la mfalme na kuishia hapo, na huenda sarafu ya Gabinius ikauzwa kama ya kawaida ya Philippos mwenyewe, au kinyume chake. Soma fumbo la herufi kwa kioo cha kukuzia. Mtu anayelijua hupata kipande chenye historia nzito kwa bei ya cha kawaida, na hilo ni halali kabisa kwa kuwa maarifa ndiyo unayoyalipia kwa usiku ulizokesha ukisoma.

Kwa Efeso na Pergamo, miji ya magharibi mwa Uturuki ya leo, utahitaji sistofori, sarafu za fedha za huko. Wafalme wa Pergamo walizianzisha katika karne ya pili KK zikiwa na uzito wa takribani gramu 12.6, pungufu sana kuliko tetradrakma ya Athene yenye gramu 17 na zaidi, na kwa njia hiyo fedha yao ikabaki ndani ya ufalme kwa sababu mtu wa nje hakuwa na faida ya kuibeba. Upande mmoja una kapu takatifu la Dioniso, nyoka akitoka ndani yake. Upande mwingine una nyoka wawili wakizunguka ala ya upinde. Mfalme Attalos wa Tatu alipofariki mwaka 133 KK aliurithisha ufalme wake kwa watu wa Roma, na Warumi, ambao wangeweza kuleta dinari, waliziacha sistofori kama zilivyokuwa na kuzihesabu kuwa sawa na dinari tatu. Katika miaka ya 50 KK majina ya maliwali wa Kirumi yakaanza kuonekana juu ya nyoka wale wale, na mmoja wao ni Cicero, mwanasheria na msemaji mashuhuri, alipokuwa liwali wa Kilikia mwaka 51 na 50 KK. Baadaye alimwandikia rafiki yake Atticus kwamba alikuwa na akiba huko Asia, jimbo la Roma lililotokana na ufalme wa Pergamo, katika sistofori, yenye thamani ya sestersi 2,200,000 (sestersi nne ni dinari moja). Sistofori yenye jina la Cicero ni adimu na sikushauri uifukuzie. Badala yake tafuta ya Augusto ya mwaka 28 KK: upande wa mbele anaitwa kwa Kilatini mtetezi wa uhuru wa watu wa Roma, upande wa nyuma amesimama Amani, na nyuma yake Amani, kidogo kabisa, lipo lile kapu na nyoka wake. Mimi sijui sarafu nyingine inayoonyesha waziwazi zaidi desturi ya zamani ikisogezwa pembeni pasipo kufutwa.

Kwa upande wa Italia hutahitaji nyingi. Sarafu za kwanza za fedha za Roma, za karne ya tatu KK, zilikuwa didrakma, yaani sarafu za drakma mbili, kwa mtindo wa miji ya Kigiriki ya kusini. Vita dhidi ya Hannibal, jemadari wa Karthago, viliivuruga fedha hiyo, na ndipo dinari ikaja, ikiwa na alama ya X kuonyesha thamani ya sarafu kumi za shaba zilizoitwa asi, na uzito wa takribani gramu 4.5 ambao haukuchukua muda kushuka. Pamoja nayo ikatolewa viktoriati, yenye uzito wa robo tatu ya dinari na fedha isiyo safi sana, bila alama yoyote ya thamani, iliyowafaa watu wa kusini mwa Italia waliozoea kuhesabu kwa drakma. Viktoriati moja iliyochakaa kiasi itakaa vizuri kando ya drakma zako za Dyrrhachium, maana uzito wao unakaribiana.

Nimeitaja dinari makusudi, kwa kuwa inanileta kwenye fungu lenye udongo. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana dinari ilianza lini. Plinio, mwandishi wa Kirumi, alitoa mwaka unaolingana na 269 KK. Katika karne ya ishirini wapo waliotetea mwaka 187 KK. Ubishi huo ulimalizwa na uchimbaji uliofanywa na Chuo Kikuu cha Princeton huko Morgantina, kisiwani Sicily. Mji huo ulitekwa na Warumi mwaka 211 KK, na katika tabaka la maangamizi hayo wachimbaji walikuta sarafu za mfumo wa dinari zikiwa bado mpya. Hazikuwa za dhahabu wala za kupendeza kuliko nyingine. Zilikuwa na thamani kwa sababu zilikuwa mahali pake, chini ya kuta zilizoanguka katika mwaka unaojulikana. Fikiria sarafu hizo zingechimbuliwa usiku, zikafungwa katika kitambaa na kuuzwa sokoni kama fungu: zingekuwa vipande vya fedha tu, na leo tungekuwa bado tunabishana.

Udongo ambao muuzaji wako anauonyesha kama ushahidi wa uhalisi unaweza kuwa umepakwa juzi, kwani hiyo ni hila ya zamani. Lakini nadhani ni jambo zito zaidi kama udongo huo ni wa kweli. Maana yake ni kwamba fungu limetolewa ardhini hivi karibuni, na katika Ugiriki, Bulgaria na Uturuki vitu vya kale vinavyopatikana ardhini ni mali ya taifa, si ya mwenye shamba. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unahusu usafirishaji haramu wa vitu vya namna hiyo, na Ujerumani unakoishi ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda mali za utamaduni inayotaka kitu kiwe kimetoka kihalali katika nchi yake ya asili. Wewe ni mgeni mwenye kazi na heshima yako huko. Usiiweke rehani kwa ajili ya bei nafuu. Usinunue fungu hilo, wala usinunue sarafu moja kutoka ndani yake, na kama muuzaji atakuambia kwamba angalau uchague ile unayoipenda, jibu ni lile lile.

Usijiwekee huzuni kwamba umekosa bahati. Mafungu ya namna hiyo mara nyingi huchanganya sarafu halisi zilizochakaa na bandia nzuri mbili tatu, na mnunuzi asiye na stakabadhi hana pa kurudi. Sarafu ya mnadani unailipia zaidi, lakini unanunua pia dhamana, maandishi, na uwezo wa kuiuza siku moja ukiwa na jibu la kumpa mtu atakayekuuliza ilikotoka.

Kuhusu utaratibu, gawanya kiasi mlichokubaliana na mume wako kwa ununuzi mmoja au miwili kwa mwaka, si kumi. Anza na Aesillas ikiwa ukingo, uzito na historia yake vitaridhisha. Fuata na Philippos wa zama za maliwali. Sistofori ya Efeso yenye tarehe ije baada ya hapo, kwani miaka yake huhesabiwa tangu kuanzishwa kwa jimbo la Asia na utapenda kuikokotoa mwenyewe. Kwa dinari zako, tumia orodha ya bure ya sarafu za Jamhuri ya Roma iliyowekwa kwenye intaneti na Jumuiya ya Sarafu ya Marekani, American Numismatic Society, uandike namba ya kila kipande kwenye kadi yake pamoja na uzito, kipenyo, jina la muuzaji na tarehe. Usizisugue wala kuzitia dawa ya kung'arishia, na usizihifadhi katika mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo hutoa utando wa kijani unaokula uso wa fedha.

Mwonyeshe mume wako kadi hizo zikiwa zimepangwa kwa miji, kutoka Dyrrhachium hadi Antiokia, kisha uniandikie tena utakapopata picha ya ukingo wa Aesillas. Nitaitazama pamoja nawe kabla mnada haujafungwa.